Pesa imekatwa sawa, lakini imekatwa wapi? Maswali yenu ya mwezi huu

Mwezi huu barua zimemiminika na karibu zote zinauliza kitu kimoja, kila mtu kwa mdomo wake: mbona huduma ya serikali niliyoizoea imepungua na hakuna aliyenieleza. Wengi mnajua kabla ya safu hii nilikuwa karani wa hesabu kwenye kituo cha afya cha serikali hapa Kenya, miaka kumi na moja, kwa hiyo swali hili mimi silijui kwa kusoma gazetini, nimeliona likiingia mlangoni na mtoto mgongoni. Nitajibu ninachokijua. Barua nimezifupisha na majina nimeyatoa.

"Dada habari. Nakaa Likoni, nina watoto wanne, asubuhi nauza mahamri. Nilijiandikisha SHA, hii bima mpya ya afya ya serikali, na nikalipia mwaka mzima kwa kujinyima sana. Juzi kitinda mimba wangu akashikwa na homa usiku, kulipokucha nikampeleka dispensari yetu ya mtaani, akapimwa vizuri tu, akaandikiwa dawa nne nikapata moja. Zile tatu nikaambiwa nikanunue chemist. Sasa ile pesa niliyolipa imeenda wapi? Na mbona kwenye redio wanasema dispensari ni bure?"

Mama pole sana, na mtoto namwombea afueni. Hapa kuna mifuko miwili na wanapotangaza huwa wanaichanganya kama ni mmoja, ndo maana watu wanaumia wasijue wamlaumu nani.

Ile bima ya zamani ya NHIF ilifungwa na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, chini ya sheria ya mwaka 2023. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, na sisi wa biashara ndogondogo tunapimwa uwezo wetu halafu tunalipa, cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, na inalipwa ya mwaka kwa pamoja, yaani 3,600 ukiwa kwenye kile kiwango cha chini. Hiyo pesa yako inaingia mfuko wa bima ya afya ya jamii, ambao kazi yake ni kulazwa, kupasuliwa, kujifungua, mambo mazito. Dispensari na kituo cha afya ukienda kutibiwa ukarudi nyumbani siku hiyohiyo, hiyo inalipiwa na mfuko mwingine wa afya ya msingi, na huo unajazwa na serikali kutoka kwenye bajeti, wewe huchangii. Ndo pale redio inaposema bure, na ni kweli kisheria, hata kama hungelipa hizo 3,600, mradi umejiandikisha walitakiwa wakuhudumie bila kukudai.

Lakini bure haimaanishi dawa ipo.

Dawa za dispensari zinanunuliwa na kaunti, manake afya ilishushwa kwa kaunti tangu 2013. Na kaunti inategemea mgao kutoka Nairobi. Sasa angalia kilichotokea: kwa mwaka wa fedha 2024/25 kaunti zote 47 zilikuwa zimeshapigiwa hesabu ya shilingi bilioni 400.1, sheria ikawa imeshatiwa saini kabisa. Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kuongeza ushuru, ulipoanguka ikasemwa pesa hakuna, Bunge la Taifa likataka zishushwe ziwe bilioni 380, Seneti ikakataa, wakavutana miezi na miezi mpaka wakakutana kwenye 387.4. Mwaka wa nyuma yake zilikuwa 385.4. Kwa hiyo nyongeza ya nchi nzima ni bilioni 2, gawa kwa kaunti 47, ni kama milioni 42 hivi kwa kila moja, na mishahara imepanda na bei ya kila kitu imepanda. Nyongeza hiyo haijazi hata pengo.

Halafu pengo likifika kwa kaunti linatafuta pa kukaa. Mshahara haligusi, kwa sababu wafanyakazi watagoma kesho. Linakaa kwenye uendeshaji, na uendeshaji kwa lugha ya kituo ni dawa, glavu, mafuta ya ambulensi, gesi ya friji ya chanjo, sabuni. Nataka nikueleze nilichokiona kwa macho yangu. Kwenye stoo yetu kila dawa ilikuwa na kadi yake ngumu imening'inizwa kwa uzi kwenye shelfu: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Mwaka mmoja tuliagiza makopo 40 ya paracetamol tukaletewa 12. Kadi ya amoxicillin ya maji ya watoto ilikaa na sufuri wiki tisa, na ni mimi nilikuwa naandika hiyo sufuri kila Ijumaa kwa biro ya bluu. Wiki zote tisa hakuna aliyekuja kutuambia bajeti yenu imekatwa, hakuna barua wala simu, ilikuwa ukiuliza unaambiwa "bado". Hilo neno "bado" ndilo limekaa kwa shavu la mtoto wako, na mimi nalichukia mpaka leo.

Sasa ufanye nini. Kwanza, ukikosa dawa mwambie mtu wa famasia aandike O/S, yaani imeisha stoo, mbele ya kila dawa aliyokosa kwenye ile karatasi yako, wanaijua hiyo alama, ni yao. Usitupe karatasi. Pili, kituo chochote cha umma kina kamati ya usimamizi na ndani yake kuna raia wa mtaa wenu, uliza ni nani. Tangu 2023 kuna sheria inayosema pesa ambayo kituo kimekusanya, pamoja na ile SHA inakilipa, ibaki kituoni itumike pale pale, isipelekwe kwa akaunti kubwa ya kaunti ikamezwe huko. Waulizeni kamati maswali matatu tu: mara ya mwisho SHA imelipa lini, mara ya mwisho dawa zimeagizwa lini, na AIE ya robo hii ni shilingi ngapi. AIE ni ile ruhusa ya kutumia pesa, mkuu wa kituo bila hiyo hawezi kununua hata dawa ya kusafishia sakafu. Ukitamka AIE pale watajua wewe hukuja kupiga kelele, umekuja kujua. Nendeni mama watano au sita, usiende peke yako, na muuguzi wa zamu msimgombeze, yeye naye anaionea haya ile shelfu.

"Niaje dada. Mi ni mtu wa boda, stage yangu iko Mtwapa. Juni 2024 nilitoka barabarani na wenzangu tukakataa ule Mswada wa Fedha. Sasa barabara yetu ya ndani iliyokuwa inatiwa murram imeachwa katikati, na mzee mmoja wa hapa ananiambia kila siku ni nyinyi mliokataa ushuru ndo mmeua barabara. Nataka unijibu kweli, tulikosea?"

Mdogo wangu, hapana. Na nitakujibu kwa hesabu ili ukimjibu mzee umjibu kwa heshima na kwa hesabu vilevile.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa ukusanye kama bilioni 346 za nyongeza. Tarehe 25 Juni vijana wakaingia Bunge, kuna waliokufa, hao tusiwasahau tukizungumza habari za tarakimu. Kesho yake tarehe 26 Rais akasema hatii saini. Tarehe 5 Julai akatoka na mpango: bilioni 177 zikatwe kwenye matumizi na 169 zikopwe. Akataja na vya kukatwa, nilikaa na daftari nikaandika: mashirika 47 ya serikali yanayofanya kazi moja yavunjwe, washauri wapunguzwe nusu, magari mapya yasinunuliwe mwaka mzima isipokuwa ya usalama, bajeti za ofisi za wake wa viongozi zifutwe, bajeti za siri zifutwe, safari zisizo za lazima zisimame. Orodha nzuri ile, mimi niliifurahia.

Shida ni kwamba vitu vyote vile vikiwekwa pamoja havijai bilioni 177. Serikali ikipata pesa, kabla ya chochote inalipa deni na pensheni, hizo kisheria ziko mstari wa mbele na hakuna wa kuzikata. Na deni letu limekuwa ghali, Februari 2024 tulikopa dola bilioni 1.5 nje kwa riba ya asilimia 9.75 ili tulipie mkopo mwingine uliokuwa unaiva Juni. Baada ya hapo mishahara. Kinachobaki cha kukatwa ndo maendeleo: barabara, bomba la maji, bweni, wadi ya wazazi iliyofika linta. Wanaikata kwa bajeti ya ziada, jina linachanganya, watu wanadhani ziada ni kuongezwa, kumbe ni bajeti inayofunguliwa tena katikati ya mwaka na inaweza kuongeza au kupunguza. Kwa hiyo uamuzi wa kuiacha barabara yako uliandikwa kwenye meza na watu waliokuwa na kalamu, na walikuwa na mistari mingine ya kuchagua. Kukataa kutozwa zaidi si sawa na kuchagua kipi kikatwe. Hiyo chaguo hamkupewa.

Na kuna hili nataka ulishike sana. Kila lita ya petroli unayoweka ina ushuru wa matengenezo ya barabara, ulikuwa shilingi 18, Julai 2024, mwezi uleule wa baada ya maandamano, ukapandishwa ukawa 25. Huu haukuwa kwenye ule mswada, huu unaulipa kila siku. Kama boda yako inakula lita nne kwa siku hiyo ni shilingi 100 umeshatoa kwa barabara kabla hujabeba abiria wa kwanza. Siku 26 za kazi ni 2,600 kwa mwezi. Hebu mwambie mzee hilo. Wewe ni mlipaji wa barabara kuliko wengi wanaopita na magari yao yaliyofungwa vioo.

Sasa barabara yenyewe ni ya nani? Kuna za kaunti na kuna za taifa zilizo chini ya mamlaka za barabara za KeNHA, KURA na KeRRA, na magavana na wabunge wamefika mpaka mahakamani wakigombania nani ashike bilioni 10.5 za huo ushuru wa mafuta. Nyinyi mkiwa mnasubiri murram, kila upande unaweza kukwambia nenda kwa yule. Msianze na MCA, yaani mwakilishi wa wadi yenu, anzeni na namba ya barabara. Ofisi ya barabara ya kaunti inayo orodha, kila barabara ina herufi na namba. Mkishajua ni ya nani ulizeni mkataba: mkandarasi alipewa kilomita ngapi, ameshalipwa kiasi gani, na kazi imesimama kwa barua ipi. Mkandarasi asiyelipwa huwa haachi kazi bila kuandika barua, hiyo barua ipo kwenye faili, iombeni.

"Mimi ni mwekahazina wa bodi ya shule ya sekondari ya kutwa, Kwale. Tuna wanafunzi kama 400. Pesa za serikali kila muhula zinakuja pungufu na zinachelewa, mpishi anatudai miezi mitatu na aliyetuletea maharagwe amesema haleti tena. Mwalimu mkuu anataka tuongeze pesa kwa wazazi. Nisaidie."

Bwana mwekahazina kazi yako ni ngumu na hailipwi, nakupa pole na ahsante kwa pamoja.

Kiwango kilichoandikwa ni 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na kinatakiwa kije nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, 20 wa tatu. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi mwenyewe aliwaambia wabunge kwamba hazina haiwezi kukitimiza chote, na kinachofika kwa mtoto ni kama 16,900. Serikali baadaye ikasema elimu ya bure iko palepale. Sawa, lakini wewe uko na kitabu cha hesabu mbele yako, toa 16,900 kwa 22,244 unapata upungufu wa 5,344, zidisha kwa watoto wako 400, ni shilingi 2,137,600. Milioni mbili na zaidi kila mwaka kwa shule moja ya kutwa. Ndo mpishi huyo, ndo maharagwe hayo, ndo mwalimu wa bodi wa Kemia anayefundisha huku anatafuta kibarua kwingine.

Mimi kilichonigusa ni kwamba hapa kwa mara moja mkato ulisemwa wazi na mtu mwenye ofisi. Miaka yote shule zilikuwa zinaambiwa "bado". Angalau sasa mna tarakimu ya kusimamia.

Kuhusu wazazi, tahadhari. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 29 inakataza kumtoza mtoto karo ya masomo shule ya umma, michango mingine inawezekana lakini lazima iidhinishwe na Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata ikiidhinishwa hakuna mtoto wa kufukuzwa kwa kukosa kuilipa. Kwa hiyo mwalimu mkuu asifunge geti Jumatatu asubuhi. Nimeona watoto wamekaa nje ya geti chini ya mwembe na vitabu mapajani, tangu saa mbili mpaka saa sita, hawaendi nyumbani kwa sababu nyumbani hakuna mtu, na hawaingii. Usikubali shule yako ifike hapo.

Itisheni mkutano wa wazazi, wekeni ubaoni safu tatu: tulichotakiwa kupata, tulichopata na tarehe yake, tunachodaiwa na nani. Chaki tu, si lazima projekta. Mzazi akiona mpishi anadai miezi mitatu kwa jina la kazi yake, na pesa ya serikali imeandikwa ilipoingia, anaelewa kuliko ukimsomea hotuba, na wengine watasema mimi nina gunia la mahindi shambani, au nitaleta kuni. Hayo ni ya hiari na yanasaidia, lakini yaandikwe. Halafu hakikisheni hesabu ya wanafunzi kwenye mfumo wa wizara ndiyo iliyo darasani, kuna shule zinapoteza mgao kwa sababu mtoto hana cheti cha kuzaliwa na hajaingizwa. Wewe na mwalimu wa darasa piteni rejista moja moja, ni kazi ya siku mbili na kila jina ni pesa ya shule.

Bursari nayo usiitegemee sana kwenye mipango ya mwaka ujao. Mahakama Kuu Septemba 2024 ilisema NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa maeneobunge unaotoa bursari, hauendani na Katiba na ikaupa mpaka 30 Juni 2026, na kesi zinaweza kubadilisha mambo, lakini bodi yenye busara inapanga kama vile haipo.

"Naandikiwa na mjukuu. Niko Garsen, miaka 76. Pesa ya wazee ya Inua Jamii haiji kila mwezi, inakaa kaa halafu inakuja. Je, wananikata?"

Shikamoo mzee wangu. Stahiki yako ni 2,000 kwa mwezi. Mara nyingi Hazina ikikawia wanalipa miezi miwili au mitatu kwa mpigo, na hapo cha kuangalia ni kimoja: zikikaa miezi mitatu lazima zije 6,000, si 4,000. Mwambie mjukuu aandike kila ulipopokea, tarehe na kiasi, kwenye daftari moja lisilotumiwa kwa kitu kingine. Ikija pungufu mwende na hilo daftari kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wa hapo au kwa chifu, na chifu mwambieni aandike, asisikilize tu. Kuchelewa hakuifuti haki yako mzee, ya nyuma unadai. Mwenye miaka 76 anayengoja 2,000 ananunua nazo unga na dawa ya presha, na mimi naona malipo haya yalitakiwa yawe ya mwisho kuguswa na ya kwanza kutolewa.

"Nafanya kazi kwenye shirika moja la serikali Nairobi. Tumesikia tunaunganishwa na lingine. Tujiandae vipi?"

Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mashirika 42 yaunganishwe yawe 20 na mengine 25 yavunjwe, na likasema wafanyakazi watachukuliwa ndani ya utumishi wa umma. Kusema ni kitu kimoja, mengi ya haya yanahitaji sheria za Bunge zibadilishwe kwanza, kwa hiyo halitokei kwa usiku mmoja. Wewe weka sawa faili lako: barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa, za kupandishwa cheo, taarifa ya pensheni. Nakala ziwe nyumbani. Ofisi zikihama faili ndo hupotea kwanza. Na kama shirika lako na lile jingine kweli mnafanya kazi moja basi kuungana si dhambi, mimi naliunga mkono, ninachouliza ni pesa iliyookolewa inaenda mstari gani wa bajeti, na hilo nyinyi mlio ndani mnaweza kulijua kabla yetu.

"Dada, nimekuwa nikienda vikao vya kutoa maoni ya bajeti ya kaunti hapa Voi, mara tatu sasa. Tunakaa ukumbini watu zaidi ya mia, kitabu cha bajeti ni kimoja kiko mbele kwa meza ya maofisa. Nasema tunataka maji mtaa wetu, wanaandika, tunapewa soda, tunaenda. Hakuna maji. Nimechoka, kuna faida kweli?"

Hii barua niliisoma mara mbili. Dada, faida ipo ila mnaitwa mlo umeshapakuliwa.

Kalenda iko hivi. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unatakiwa uwe bungeni kwa MCA ifikapo 1 Septemba. Hapo ndo mradi wako wa maji unazaliwa au hauzaliwi, na siku hizo watu wengi hawana habari. Mwisho wa Februari, tarehe 28, inakuja ile karatasi ya mwelekeo wa matumizi, ambayo inaamua maji wapate kiasi gani, afya kiasi gani, barabara kiasi gani, ni dari ya kila idara. Tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe yanaingia, na kufikia 30 Juni yamepitishwa. Kikao chenu cha soda najua kwa hakika ni cha Aprili au Mei. Wakati huo dari imeshawekwa, ukitaka maji lazima mtu mwingine anyang'anywe, na hakuna ofisa atakayefanya hivyo ukumbini. Nenda Agosti, na uende Februari. Watakuwa watu kumi na watano mle ndani na kila mmoja atasikika.

Na ukienda usiseme tunataka maji. Sema bomba kutoka tangi fulani mpaka shule fulani, kama kilomita ngapi, kaya ngapi, limo kwenye mpango wa mwaka gani. Uulize jina la programu, wadi na kiasi, na uondoke umeviandika. Sheria inataka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na nyingi zinaitenga kwenye karatasi, lakini kutenga na kutumia ni mito miwili tofauti.

Ndo hapo unapofungua ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti. Ofisi ya Margaret Nyakang'o inatoa ripoti kila robo mwaka, ya kila kaunti, iko mtandaoni na ni ya bure, simu ya kawaida inafungua japo ni nzito, tumia waifai ya mtu. Ruka kurasa za mwanzo, tafuta Taita Taveta, halafu tafuta jedwali la idara. Idara ya maji utaiona na tarakimu pembeni yake: iliyopangwa, iliyotolewa, iliyotumika. Mimi kila robo nafanya hivi, nachukua rula naiweka chini ya mstari wa idara moja na kusoma kwenda kulia, kwa sababu macho yanahama. Kama iliyopangwa ni kubwa na iliyotolewa ni ndogo, tatizo liko kwa Hazina au kwa kukusanya mapato. Kama iliyotolewa ni kubwa na iliyotumika ni ndogo, tatizo liko idarani kwenu, zabuni haikutangazwa au mtu amelala. Kama yote matatu yanalingana na maji hayapo, hapo ndugu zangu simameni wima, manake pesa imetoka na imetumika, na bomba lazima lionekane.

Kaunti nayo ina bajeti zake za ziada katikati ya mwaka, na upande wa taifa Katiba kifungu cha 223 inaruhusu pesa itumike kabla ya Bunge kuidhinisha, isizidi asilimia 10, kisha waje kuomba idhini ndani ya miezi miwili. Inatakiwa iwe kwa jambo lisilotarajiwa. Mradi uliokuwemo Juni unaweza kuwa haumo Februari na hakuna atakayekupigia simu, kwa hiyo ukisikia bajeti ya ziada imepelekwa bungeni, siku hiyohiyo ulizia mstari wako kama ungalipo.

Ukikosa jibu kwa mdomo, andika. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 kukujibu. Huhitaji wakili, karatasi moja inatosha: mimi ni raia wa Kenya, naomba nakala ya mkataba na malipo ya mradi huu, wadi hii, mwaka huu wa fedha, sahihi, namba ya simu. Chapisha au andika kwa mkono nakala mbili, peleka mwenyewe kwenye dawati la mapokezi, moja uiache na ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa. Angalia muhuri una tarehe. Kama hauna, rudisha karatasi wagonge tena au waandike tarehe kwa kalamu na sahihi yao, kwa sababu siku zako 21 zinahesabiwa kutoka hapo.